Afute kwa Mkono Wake

Simu iliingia Alhamisi, nikiwa nimefungua printa ya mteja dukani kwangu Kashai. Namba ilikuwa ya Mujuni, ndugu wa rafiki yangu Joyness, lakini aliyezungumza ni mama yao. Mama Joyness si mtu wa simu. Huishika mbali na sikio kama kitu kinachoweza kumuunguza, husema haraka, hukata. Siku hiyo alisema taratibu. Aliniomba niende Ngenge nikasafishe kompyuta ya Joyness, kwa sababu Joyness ameamua kuitoa kwa shule aliyokuwa akifundisha na hataki watu wasome mambo yake. Nikamjibu kwamba Muleba mjini wapo vijana wanaoifanya kazi hiyo vizuri, ningeweza kumtafutia mmoja ili nisimcheleweshe.

"Hapana," akasema. "Uje wewe. Na uje na ufunguo."

Ufunguo nilikuwa nao kweli. Joyness alinipa mwezi wa pili, alipokuwa amelazwa hapa Bukoba. Aliutoa chini ya mto, akaufumbata ndani ya kiganja changu, akaniambia kuwa chumba chake cha nyumbani amekifunga, hataki kiguswe mpaka apone, na hakuna mwingine anayemwamini. Niliuweka kwenye mfuko mdogo wa zipu ndani ya mkoba wangu. Ukakaa humo miezi minne.

Naitwa Hafidha. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Joyness nilikutana naye kidato cha kwanza, shule ya bweni. Yeye Mlutheri wa Ngenge, mimi Mwislamu wa mjini. Tulipewa kitanda kimoja cha juu na chini, na tangu usiku ule wa kwanza hatukuachana. Mama yangu, Zuena, alipofariki nikiwa kidato cha tatu, Joyness alikuja akakaa mkekani siku zote za matanga, amejitanda kanga ya marehemu, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Baada ya hapo likizo zangu nyingi nilizimalizia kwao. Mama yake alinifundisha kumenya ebitoke, zile ndizi za kupika, bila kugandwa na utomvu mikononi. Wageni wakimuuliza mimi ni nani, alisema ni binti yake, ila alizaliwa na mwanamke mwingine.

Ugonjwa ulimpata Januari. Tumbo likavimba, mwili ukaisha. Alikuwa akinionyesha mahali panapomchoma, chini ya ubavu wa kushoto, na kuniambia kuna kitu kimekaa pale. Madaktari walipima, wakapima tena. Mimi nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake majuma matatu, mume wangu Mustapha akabaki na mtoto. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimwogesha. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, haikuwa kwa sababu amepona.

Kwa hiyo mama yake aliposema njoo, nilikwenda.

Nilitoka Bukoba Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, na Muleba nikapanda bodaboda. Njiani pikipiki ikapata pancha, tukakaa muda mrefu kando ya barabara, dereva akihangaika na tairi. Baadaye nilikuja kujiuliza kama hata ile pancha ilikuwa pancha. Nilipofika, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye majani ya migomba, na mama Joyness alikuwa amesimama uani akiangalia njia.

"Nyegera, mwana wange," akanikaribisha.

Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaniinua, akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikamsikia akivuta pumzi shingoni mwangu, kama mtu anayenusa mtoto mchanga.

Nilimuuliza Joyness yuko wapi. Akaniambia amepelekwa kwa shangazi yake Kashozi, karibu na misheni, akapate hewa nyingine. Jambo hilo lilinishangaza. Kashozi iko upande wetu wa Bukoba. Angekuwa huko, mimi ndiye ningekuwa mtu wa kwanza kupigiwa simu. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anatangulia ndani, akisema nianze kazi kabla jua halijazama. Hakuniuliza kama nimekula. Hata kahawa ya kutafuna, ambayo nyumba ile humpa mgeni kabla hajakaa vizuri, haikuletwa.

Tulipopita sebuleni nikasikia kikohozi.

Kikohozi chembamba, kikavu... kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

Nikauliza nani anaumwa.

"Mgeni," akasema, bila kugeuka.

Mlango wa chumba cha Joyness ulikuwa na kufuli lake. Nikatoa ufunguo. Ukagoma mara mbili, mara ya tatu ukakubali. Hewa ya ndani ilinipiga usoni. Vumbi, karatasi za zamani, unyevu... na harufu nyingine chini yake, ambayo nilihitaji muda kuitambua. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Chumba kilikuwa kidogo. Meza, kiti kimoja, rafu ya vitabu, dirisha lenye nondo na wavu linalotazama kibanja cha migomba. Meza ilisogezwa mbele ya dirisha, na kiti kikawekwa kiasi kwamba mgongo wa anayekaa unakaribia kugusa ukuta wa nyuma. Kompyuta ya mezani ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipokiondoa, vumbi la kwenye kibodi lilikuwa zito, halina alama hata moja ya kidole. Tangu Januari hakuna mtu aliyeigusa. Hilo nililiona kwa macho yangu, na nawaomba mlishike.

Mama Joyness hakuvuka kizingiti. Alisimama nje ya mlango na kunipa maagizo mawili. Nisisome chochote, nifute tu. Na nifute mwenyewe mpaka mwisho, kwa mkono wangu, nisiondoke katikati. Nikamwitikia. Akaenda jikoni, nikabaki peke yangu.

Watu wengi hudhani ukishabonyeza kufuta, kitu kimekwenda. Hakijakwenda. Kompyuta inasahau tu mahali ilipokiweka, lakini chenyewe kimelala palepale kwenye diski, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kukirudisha. Ukifuta orodha ya kurasa ulizotembelea, maneno uliyokuwa ukiyatafuta yanaweza kubaki mahali pengine. Ukifuta picha, kivuli chake kidogo, kile kinachoonekana kabla hujaifungua, kinabaki kwenye hifadhi ambayo watu wengi hawaijui. Kwa hiyo nilikuja na flashi yenye programu ya kufutia kabisa, ile inayoandika juu ya kila kitu mara kadhaa mpaka kisirudi tena.

Nikaichomeka. Nikachagua mafaili yote yaliyokuwa na jina la Joyness. Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini.

Asilimia tatu. Saba. Kumi na mbili.

Kule chumba cha ndani kikohozi kilikuwa kinaendelea. Nje, ndege walikuwa wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Ilipofika asilimia ishirini vidole vyangu vilikuwa baridi, nikavisugua. Thelathini... nikasikia kichomi. Kidogo, kama mwiba. Chini ya ubavu wa kushoto.

Nikajiambia ni uchovu wa pikipiki.

Kikohozi kikapungua.

Arobaini.

Kikohozi kikakoma.

Wakati nasubiri, nikaona bora nimwondolee Joyness akaunti zake za mtandaoni, maana hizo nazo hubaki wazi. Nikafungua ile programu ya kuingilia mtandao. Orodha ya kurasa ilikuwa tupu, mtu ameshaifuta. Nikataka kuandika neno "historia" ili nifike kwenye mipangilio. Nikabonyeza herufi ya kwanza tu.

H.

Kompyuta ikajaza yenyewe yale ambayo mwenye nayo alikuwa amewahi kuyaandika.

hafidha binti zuena

hafidha binti zuena nyota yake

hamisha ugonjwa kwa mtu wa karibu bila yeye kujua

hamu ya kula imerudi ni dalili amepokea?

Nilisoma mistari ile kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nikarudia ule wa kwanza. Hakuna anayeniita binti Zuena. Kwenye vyeti vyangu kuna jina la baba. Jina la mama huulizwa na watu wa aina moja tu, na kwa kazi ya aina moja tu. Na Joyness ndiye aliyelijua, kwa sababu alikaa kwenye mkeka wa msiba wake.

Nikajaribu kufikiri kama fundi. Akaunti moja huunganisha simu na kompyuta. Kinachotafutwa kwenye simu kinaweza kujitokeza huku, mashine ikiwashwa tu. Basi Joyness aliyaandika kwenye simu yake. Lini? Nikatafuta tarehe. Mwezi wa pili. Majuma yale matatu. Alikuwa ameshika simu chini ya shuka, na mimi nimelala sakafuni, hatua moja kutoka kwake.

Bado nikajiambia mgonjwa hutafuta kila kitu. Anayezama hushika hata jani. Kutafuta si kutenda.

Nikaingia kwenye hifadhi ya vivuli vya picha.

Picha zenyewe, zilizoingia kwa akaunti ileile ya simu, zilikuwa zimefutwa. Vivuli vyake vilikuwepo, vidogo kama stempu, vimepangana. Kitana changu cha bluu, nywele zangu zikiwa zimenasa. Nywele zilezile kwenye kisahani, zimewashwa moto. Kanga yangu. Unyayo wangu, umepigwa karibu sana, nikiwa nimelala, na shuka la hospitali likionekana pembeni. Uso wangu, macho yamefungwa, mdomo wazi kidogo. Nilikuwa nimechoka kwa kumuuguza, nikalala kama maiti, naye akanyoosha mkono juu yangu akanipiga picha.

Baada ya hizo kulikuwa na kivuli cha ukurasa. Nikakikuza mpaka maneno yakasomeka. Hakukuwa na jina la mganga wala namba ya simu. Kulikuwa na maswali, na majibu yake.

Jina la anayetoa. Joyness binti Alistidia.

Jina la anayepokea. Hafidha binti Zuena.

Je, anampenda anayetoa? Ndiyo. Sana.

Na chini kabisa, sharti la mwisho:

"Anayepokea afute jina la anayetoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari, jua likizama, katika chumba alichokifungua kwa ufunguo alioubeba yeye."

Nilikumbuka vidole vyake vilivyokonda vikiukunja mkono wangu juu ya ufunguo ule. Hakuna mwingine ninayemwamini, aliniambia. Nililia siku ile. Nilikwenda msalani nikalia kwa sababu rafiki yangu ameniamini.

Kilikuwa kimebaki kivuli kimoja, cha mwisho kwa tarehe. Siku kumi na moja zilizopita. Nikakikuza.

Mwanamke amekaa mbele ya kompyuta, anaonekana mgongo. Dirisha lenye nondo. Migomba, na jua linazama. Hijabu nyeusi, gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano.

Nikatazama mapaja yangu.

Gauni lile fundi alinimalizia Jumanne. Siku hiyo ndiyo nilikuwa nimelivaa kwa mara ya kwanza.

Picha ilikuwa imepigwa kutoka nyuma yangu, mbali kiasi cha hatua nne.

Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Sikugeuka. Nilishindwa. Nikaangalia skrini, na hapo nikaukumbuka mstari wa kijani. Ulikuwa bado unatambaa. Asilimia hamsini na nane. Kichomi kilikuwa si mwiba tena, kilikuwa ngumi, na jasho linanitoka la baridi. Hamsini na tisa. Nikaitafuta sehemu ya kusimamisha, kipanya kikanikatalia, kikanikatalia... Sitini.

Na kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, ikaja sauti. Ilikuwa sauti nzima, yenye nguvu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uliopita.

"Hafidha... umemaliza?"

Nikachomoa flashi.

Mstari ukasimama. Asilimia sitini na moja.

Kikohozi kikarudi palepale, kikali, kama mtu aliyekabwa.

Sijui nilisimama vipi. Nilipofika mlangoni mama Joyness alikuwa pale, ameshika taa. Aliniangalia usoni, akajua kuwa najua. Nilikuwa nimeshajipangia moyoni kwamba yeye hakuwa na habari, kwamba alitumwa tu, mama mzee asiyejua kompyuta. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama alijua.

Akainamisha kichwa.

"Nimezika watatu, Hafidha," akasema. "Huyu ndiye msichana pekee niliyebaki naye."

"Na mimi, mama? Si ulisema mimi ni binti yako?"

Akafikiri. Nataka mjue kwamba alifikiri kweli, hakukurupuka. Kisha akanijibu kwa upole, kwa sauti ileile aliyonifundishia kumenya ndizi.

"Wewe mama yako alishatangulia. Hakuna wa kukulilia kama nitakavyomlilia huyu."

Nimewahi kuumizwa na watu. Jibu hilo silisahau.

Nikampita. Nikafungua pazia la chumba cha ndani.

Joyness alikuwa ameketi kitandani. Mtu ambaye mwezi wa pili sikuweza kumwinua bila msaada wa muuguzi alikuwa ameketi mwenyewe, miguu chini, mikono magotini, kama msafiri anayesubiri gari. Mashavu yake yalikuwa yamerudi. Shingo ilikuwa imejaa. Lakini kikohozi kilikuwa kinamtikisa, na kila kilipomtikisa niliona uso unapungua, unapungua, kama kitambaa kinachokamuliwa. Karibu na miguu yake palikuwa na sahani tupu. Alikuwa ametoka kula.

Hatukusalimiana. Nilimuuliza neno moja tu, kwa nini hakuniomba. Kama angeniomba angalau ningejua bado ni yule rafiki yangu.

Akaniangalia kwa macho yale niliyoyajua tangu tukiwa na miaka kumi na minne. Hakukuwa na chuki ndani yake. Hilo ndilo lililonitisha kuliko picha, kuliko ukuta.

"Imebaki kidogo tu," akanong'ona. "Rudi umalizie."

Nilirudi chumbani. Mama Joyness alinifuata mpaka kizingitini, akadhani namtii mwanawe, nikamsikia akishukuru kwa Kihaya. Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani. Nikatoa bisibisi mkobani, nikafungua ubavu wa mashine, nikalegeza skrubu nne, nikaitoa diski. Alipoelewa ninachofanya alipiga magoti. Hakupiga kelele, hakunishika. Alipiga magoti mlangoni na kuweka paji la uso sakafuni, na ilinibidi niinue gauni langu nivuke juu yake. Nilivuka juu ya mwanamke niliyemwita mama kwa miaka kumi na sita.

Mujuni alikuwa uani anafuta pikipiki yake. Hakujua lolote, na ninaamini hakujua. Alishangaa kuniona naondoka bila kula, akadhani nimegombana na mama yake, akawa mstaarabu, hakuuliza. Alinipeleka Muleba. Kila tulipozidi kwenda mbali ndivyo ngumi ile chini ya ubavu ilivyolegea. Nililala nyumba ya wageni, taa zikiwaka, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango. Alfajiri nikapanda gari la kwanza kurudi Bukoba.

Mustapha nilimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tuichome diski ile siku hiyohiyo. Nikamkumbusha kwamba kuchoma ni kufuta. Akasema basi atakwenda yeye kuitupa ziwani, si mkono wangu. Nilimkatalia pia, kwa sababu sijui sheria ya jambo lile inaishia wapi, na sikutaka tuijue kwa kujaribu. Tulimwendea mzee mmoja anayesoma dua. Aliishika diski kwa kitambaa, akaigeuzageuza, akasoma, akaturudishia. Alisema kwa unyoofu kwamba mambo ya watu anayajua, ya vyombo hivi hayajui. Sasa iko dukani kwangu, ndani ya kabati la chuma. Nazijua vizuri za aina yake. Hakuna diski isiyochoka. Zipo zinazodumu miaka kumi, zipo zinazokufa bila onyo.

Na kuna asilimia sitini na moja. Ikifika magharibi, nikiwa natawadha, kuna mwiba mdogo chini ya ubavu. Nimepima hapa, nimepima Mwanza. Hawaoni kitu.

Siku ya nane Mujuni alikuja dukani. Alivaa koti jeusi, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Joyness alifariki Jumapili, siku moja baada ya mimi kuondoka. Walikuwa wameshazika. Hakuna aliyenipigia simu. Mama yao alikuwa ametoa amri kwamba nisiambiwe, na ndugu wakatii, nao hawajui kwa nini. Mujuni aliona haya kwa niaba yao. Alisema amekuja kwa siri, kwa sababu anajua nilivyomuuguza dada yake, na kwa sababu kuna jambo limemkaa kooni.

Alinieleza hivi. Jumamosi ile, baada ya mimi kuondoka, Joyness alizidiwa. Hakuinua kichwa usiku kucha na siku nzima ya Jumapili. Lakini jua lilipoanza kushuka aliinuka. Alitembea mwenyewe, akashika kuta, akapita sebuleni, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mama yao alikuwa jikoni. Akasikia sauti ya vitufe. Tak... tak... tak. Taratibu mwanzoni, kisha haraka, kama alivyokuwa akichapa mitihani zamani. Mama akafurahi. Alifikiri mwanawe amepona. Sauti ile ilikwenda kiasi cha nusu saa, kisha ukafuata mlio mmoja mrefu usiokatika, wa kitufe kilichobanwa.

Waliposukuma mlango walimkuta ameketi kwenye kiti, ameshakufa. Skrini ilikuwa inawaka. Ilikuwa nyeusi, ina maneno machache meupe ya Kiingereza, na Mujuni, ambaye alisoma kidogo, alielewa kwamba mashine inadai haina diski.

Nilimuuliza nani alikuwa amerudisha waya ukutani. Akasema hakuna, wote walidhani ni mimi niliyeuacha hivyo.

Halafu akaniuliza alichokuja kuuliza. Alinionyesha kwa kidole, juu ya kibodi iliyokuwa mezani kwangu, mahali mkono wa dada yake ulipokuwa. Kidole cha shahada, kimekaza, ilibidi wakibandue. Kilikuwa kwenye kitufe kirefu cha juu kulia.

"Hiki ni cha nini, dada Hafidha?"

Nikamwambia ni cha kufutia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akasema labda alikuwa anasafisha vitu vyake kabla ya kwenda. Nilimkubalia. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka.

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Nusu saa aliandika. Huenda alikuwa anaandika jina langu ili alimalizie mwenyewe kazi niliyoikataa. Huenda alikuwa analitafuta ili alitoe, anirudishie, kwa sababu alinipenda, kama alivyojibu kwenye ule ukurasa. Mimi ni fundi. Nimewarudishia watu barua walizofuta miaka mitano nyuma, nimewafufulia picha za watoto waliokwisha kuzikwa. Ningetoa chochote nisome mistari ile.

Lakini mashine isiyo na diski haihifadhi kitu. Na diski nilikuwa nayo mimi.